Unaogopa kufa kwenye oparesheni ya moyo? Fanya hivi kabla hujaingia thieta

Niseme mapema: kuogopa kufa kabla ya oparesheni ya moyo sio imani ndogo. Nimekaa sana karibu na wagonjwa wa moyo, wanaosali kila kipindi wanaogopa, wasio na dini wanaogopa, na daktari akigeuka mgonjwa ndio kabisaa maana yeye anajua kila kinachoweza kwenda kombo. Kwa hiyo kama saa nane usiku uko macho makavu unasikiliza mapigo yako, hauko peke yako. Kinachoumiza zaidi ni kwamba kila ukitaka kusema unaambiwa "usiseme hivyo, mwamini Mungu tu", basi unafunga mdomo na hofu inabaki ndani inazunguka. Na wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, hofu nayo ni maradhi, inapandisha presha, inakunyima usingizi, na wengine inawafanya wasitokee siku ya kulazwa.

Haya maelekezo ni ya kuufungua huo mdomo, kwa mtu sahihi, na kwa wakati wake.

Kwanza, ikate hofu vipande

"Naogopa kufa" ni sentensi kubwa mno, hakuna mtu anaweza kuijibu yote. Chukua karatasi au simu yako uandike unaogopa NINI hasa, usipambe, andika kama inavyokuja. Ukikaa nayo dakika kadhaa utaona kuna vitu vingi humo vimejibana: moyo kusimamishwa, kuzinduka katikati ya oparesheni, maumivu, watoto kubaki wadogo, deni ambalo mwenzio halijui, ugomvi na ndugu ambao haujaisha, na swali la utakutana na nini huko unakokwenda. Sasa kila kimoja kina mtu wake. Moyo kusimamishwa ni swali la daktari mpasuaji. Kuzinduka katikati ni la daktari wa usingizi. Deni ni la mwenzio, na shehe au mchungaji hawezi kulilipa hata akikuombea wiki nzima. La huko unakokwenda ukimuuliza mpasuaji atakuangalia tu, hilo mpelekee mtu wako wa kiroho. Wengi wanakosea hapa, wanapeleka maswali ya kitabibu kwa kiongozi wa dini na maswali ya roho kwa nesi anayekimbizana na dripu, halafu wanarudi kitandani wakiwa vilevile.

Hili la moyo kusimamishwa nataka tukae nalo kidogo maana ndilo linalotisha watu kuliko yote. Dokta anasema "tutausimamisha moyo" na mgonjwa anasikia "tutakuua halafu tutajaribu kukurudisha". Sivyo. Kwenye oparesheni nyingi za moyo wazi damu yako inatolewa kwa mirija mikubwa inapelekwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, pale inapewa oksijeni, inatolewa hewa chafu, inarudishwa mwilini, ubongo na figo na ini vyote vinaendelea kulishwa. Moyo wenyewe unapewa dawa yenye potasiamu nyingi, mara nyingi ikiwa ya baridi, ili utulie na usitumie nguvu wakati unashonwa. Ikiisha kazi damu ya kawaida inarudishwa kwenye misuli ya moyo na unaanza kupiga, mara nyingi wenyewe, mara nyingine kwa kushtuliwa kidogo na umeme. Yaani kwa muda huo moyo umepumzika, wewe hujafa. Hiyo mashine sio ya majaribio, John Gibbon aliitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza mwezi wa 5 mwaka 1953 kule Philadelphia kwa binti wa miaka 18, na toka hapo imeboreshwa sana. Na tena baadhi ya baipasi (oparesheni ya kuitengenezea damu njia mpya ya kupita pembeni ya mshipa wa moyo ulioziba) zinafanywa moyo ukiwa unapiga, muulize dokta yako ya kwako ni ipi.

Kuhusu kuzinduka katikati: hutokea, ila ni nadra sana. Daktari wa usingizi hakuchomi sindano akaondoka akanywe chai, anakaa kichwani kwako mwanzo mpaka mwisho, na sehemu nyingi wanakubandika vipimo kwenye paji la uso kuangalia ubongo umelala kiasi gani. Ukimwambia "mimi naogopa kuamka katikati" hatakucheka, ameshasikia hilo swali mara nyingi na atakueleza anafanyaje.

Kisha omba namba yako. Sio namba ya mtandaoni, YAKO. Kuna vikokotoo kama EuroSCORE II ambavyo madaktari wanaingiza umri, figo, sukari, nguvu ya moyo, aina ya oparesheni, na kinatoa makadirio ya hatari. Kwa baipasi ya kupangwa kwenye hospitali zenye uzoefu vifo huwa takriban 1 hadi 2 kati ya 100, ila inapanda ukiwa na umri mkubwa, figo mbovu, oparesheni ya dharura au ukifanyiwa valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) na baipasi kwa pamoja. Na usiishie hapo, uliza swali la pili ambalo watu huwa wanalisahau: "na nisipofanyiwa, hatari yangu ni ipi?" Maana mara nyingi hofu inalinganisha oparesheni na uzima, wakati kilichopo mezani ni oparesheni na ugonjwa unaoendelea.

Kuna wasiotaka namba kabisa, na ni sawa. Mwambie dokta "namba sitaki, niambie tu kama ungekuwa wewe ungefanyaje".

Imani: tumia uliyonayo, usianze mpya kwa pupa

Wiki mbili kabla ya oparesheni sio muda wa kuwa mtu mwingine. Naona watu ambao hawajafungua kitabu cha dini miaka na miaka wanajibebesha ratiba ya mikesha na kufunga siku kadhaa mfululizo, wanafika wodini wamechoka, sukari imeshuka, dawa za presha hawajameza. Ndugu yangu, kama unataka kufunga mwambie dokta kwanza, mwili unahitaji chakula ili kidonda kipone, na dawa za moyo hazisubiri futari.

Kuna utafiti wa mwaka 1995 wa Oxman na wenzake kwa wagonjwa 232 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea waliofanyiwa oparesheni ya moyo. Walioonekana kuwa kwenye hatari zaidi ya kufariki ndani ya miezi 6 ni wale ambao hawakupata nguvu wala faraja kutoka kwenye dini, na wale ambao hawakuwa kwenye kikundi chochote cha watu. Soma vizuri hapo, haisemi nani anasali zaidi, inaongelea FARAJA na WATU. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni: nikikaa wapi, na nani, nikisema maneno gani, ndio natulia? Hicho ndicho cha kubeba hospitali. Inaweza kuwa sura moja tu, dua moja aliyokuwa anasoma bibi yako, wimbo wa kwaya, au ukimya tu na mtu akikushika mkono. Asiye na dini naye ana cha kwake, watu anaowapenda, kazi aliyoifanya, muziki, bustani, asijilazimishe kusali kwa sababu nesi kamuuliza dini kwenye fomu.

Jambo la kufanyia mazoezi mapema: chagua sentensi fupi ya dua au dhikri au neno lolote lenye maana kwako, ugawe nusu wakati unavuta pumzi na nusu wakati unatoa, taratibu, mpaka upate kama pumzi sita kwa dakika. Sio kitu cha kubuni, mwaka 2001 Bernardi na wenzake walipima watu wazima 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini na pia wakitamka mantra za yoga (maneno ya kurudiarudia), zote mbili zikashusha pumzi kwenye kiwango hicho hicho cha sita kwa dakika na mapigo yakatulia kwa mpangilio mzuri. Ukiizoea nyumbani itakusaidia kwenye machela kuelekea thieta, ukisubiri siku hiyo ndio ujifunze hautakumbuka kitu.

Sasa kuhusu kuombewa. Hapa nitawaudhi baadhi ya watu lakini bora niseme. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa Marekani, wagonjwa 1,802 wa baipasi, wakagawanywa makundi matatu, wanaombewa na watu wasiowajua. Waliokuwa hawana uhakika kama wanaombewa au la, matatizo baada ya oparesheni yalikuwa karibu sawa, 52 kati ya 100 kwa walioombewa na 51 kwa wasioombewa. Walioambiwa kwa uhakika kwamba wanaombewa walifika 59. Hii haimaanishi maombi yanadhuru, hakuna anayeweza kumweka Mungu kwenye jedwali, na ule haukuwa mtu wako unayemjua akikushika mkono. Ila dhana moja iliyotolewa inaingia akilini: mgonjwa anaweza kuwaza "kwani hali yangu mbaya kiasi gani mpaka wameita watu wa maombi?" Kwa hiyo kama ndugu wanataka kuleta kundi zima kitandani kwako wakipaza sauti, una haki ya kusema asanteni, aje mmoja tu, au mniombee mkiwa nyumbani.

Na kama una hasira na Mungu? Iseme. Kenneth Pargament na wenzake mwaka 2001 walitoa matokeo ya kufuatilia wagonjwa wazee 596 kwa karibu miaka miwili, wale waliokuwa wanapigana na imani yao, wanahisi Mungu kawatupa au anawaadhibu, walikuwa na hatari zaidi ya kufariki kuliko wengine. Maswali ya "kwanini mimi" yakizikwa hayafi. Mtafute kiongozi wa dini anayeweza kusikia "nina hasira na Mungu" bila kukukemea, na kama uliyenaye atakukemea, tafuta mwingine, au mshauri nasaha wa hospitali.

Mengine ya dini ya kuuliza MAPEMA, sio asubuhi ya oparesheni:

Valvu za kibaiolojia zinatokana na nguruwe au ng'ombe, na zipo za chuma, kila moja ina faida na gharama yake (ya chuma inadumu zaidi ila utameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yako yote). Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine, kwa kawaida hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. Kama imani yako ina neno juu ya hilo, mpigie kiongozi wako, mweleze hali yako yote, na mwambie dokta. Kama hukubali kuongezewa damu sema siku ya kwanza kabisa kliniki, kuna njia za kupunguza upotevu wa damu na kukurudishia damu yako mwenyewe lakini zinahitaji maandalizi, sio kushtukizwa.

Misalaba, hirizi, tasbihi, cheni za chuma haziingii thieta, wanatumia kifaa cha umeme kukata na kuziba mishipa, chuma mwilini kinaweza kukuunguza. Mpe mtu wako akushikie, na umwambie akurudishie ukizinduka, hilo la kurudishiwa linatuliza kuliko unavyodhani.

Matumaini yenye tarehe

"Kila kitu kitakuwa sawa" sio tumaini, ni maneno ya kufunga mazungumzo. Mwanasaikolojia Charles Snyder alikuwa anasema tumaini lina vitu vitatu: kitu unachokitaka, njia ya kukifikia, na nguvu ya kuianza hiyo njia. Kikikosekana kimoja inabaki ndoto.

Ujerumani, mjini Marburg, kuna timu ilifanya hivi kwa wagonjwa 124 waliokuwa wanasubiri baipasi, matokeo yakatoka 2017: kundi moja lilikaa na wanasaikolojia kabla ya oparesheni wakaongea kuhusu nini wanategemea baadaye na watarudije kwenye shughuli zao, na miezi 6 baadaye hawa ndio walikuwa na ulemavu mdogo zaidi wa kimaisha kuliko waliopata huduma ya kawaida tu. Hauhitaji kuwa Ujerumani kufanya hili. Andika vitu vitatu, vidogo, vya kwako:

Cha siku za mwanzo, mfano kukaa kwenye kiti na kumuona fulani. Wagonjwa wengi wanakalishwa siku inayofuata tu.
Cha mwezi wa pili au wa tatu, mfupa wa kifua ukiwa umeshaunga (huchukua wiki 6 hadi 12), mfano kutembea mpaka kwa rafiki bila kusimama njiani kuhema.
Cha miezi 6, hiki kiwe na mtu mwingine ndani yake. Harusi, safari, kumfundisha mjukuu kitu.

Halafu chini ya kila kimoja andika njia: nani atakusaidia, mazoezi gani, dawa gani. Mpe daktari au mtaalamu wa mazoezi akague kama yanawezekana, maana ukijiwekea kubeba gunia wiki ya tatu unajitafutia matatizo ya kidonda.

Kuandika wosia sio kujiitia kifo

Kifupi tu. Andika wosia, andika madeni na wanaokudai, chagua mtu MMOJA wa kuongea na madaktari ukiwa umelala, na mwambie mbele ya wengine ili wasigombane kwenye korido. Mwambie pia ungetaka madaktari wafike wapi na matibabu endapo mambo yatakwenda vibaya sana. Kama kuna mtu wa kumuomba msamaha mpigie, usisubiri upate maneno mazuri. Wengi wakimaliza hili wanalala, kweli, usiku huo huo, kwa sababu robo tatu ya hofu yao ilikuwa ni mambo ambayo hayajapangwa.

Kwa mnaomuuguza

Mgonjwa akisema "mimi naona sirudi", usimkatize. Usiseme "acha kujitabiria". Vuta kiti, sema "niambie, unawaza nini?" halafu nyamaza, hata kama kimya kinakuuma. Akilia mwache alie. Ukitaka kusali naye uliza kwanza "nikuombee au tukae tu?" Msimletee hadithi za jirani aliyefia thieta, na wala msimletee hadithi za aliyepona akacheza mpira wiki ya pili, zote mbili zinamchosha. Mambo ya hela na ada yaongeeni mbali na kitanda.

Na nyie wenyewe mjiandae kwa kusubiri. Oparesheni yenyewe mara nyingi ni masaa 3 hadi 6, ukiongeza maandalizi na kuhamishiwa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) inakuwa siku nzima. Kuchelewa hakumaanishi amefariki. Ulizeni kabla nani atakuja kuwapa taarifa na wapi, mkae hapo.

Ukizinduka ICU

Hii sehemu ingetakiwa kuambiwa kila mtu. Utaamka na mrija mdomoni, ventileta inakupumulia, HUTAWEZA kuongea. Mtu asiyejua anaweza kudhani ndio anakufa sasa. Ni wa muda, kwa wengi unatolewa ndani ya masaa ukishapumua vizuri mwenyewe. Kubalianeni ishara kabla: kubana mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili hapana, kidole juu ni "nisalieni". Kutakuwa na mirija kifuani inayotoa damu na majimaji, na kelele za mashine, nyingi ni za taarifa tu.

Na kuna hili watu wanaona aibu kulisema: siku za mwanzo, hasa kwa wazee, akili inaweza kuchanganyikiwa. Unaona watu ukutani, marehemu anakuita, unahisi manesi wanataka kukuua. Wengine wanatafsiri hapo hapo kwamba ni majini au ni maono, familia inaanza kukemea mapepo kitandani. Huko kuchanganyikiwa kunaletwa na dawa, kukosa usingizi, mwili kuwaka baada ya oparesheni, na mara nyingi kunaisha ndani ya siku chache. Mwambie nesi mara moja. Miwani na vifaa vya kusikia virudishwe, saa na kalenda viwe vinaonekana, sauti anayoijua iwe karibu. Kama baadae bado unaona ilikuwa na maana ya kiroho kaa nayo kwa utulivu na kiongozi wako, ila tiba kwanza.

Nyumbani, hofu ikirudi kwa mlango wa nyuma

Watu wanategemea ukipona utakuwa na furaha tele. Wengi wiki za mwanzo wanalia bila sababu, wanakasirika ovyo, kila kifua kikibana kidogo wanajua ndio mwisho. Kuna pia lile swali la "nimebakizwa ili nifanye nini?" ambalo ni zuri lakini halina haraka, usijibebeshe kuanzisha huduma ya kuokoa dunia wakati hata kupanda ngazi bado. Nenda kwenye programu ya mazoezi ya moyo kama ipo, kutembea ukiangaliwa na mtaalamu kunarudisha imani na mwili wako mwenyewe kuliko maneno ya mtu yeyote. Huzuni ikipita wiki mbili mfululizo, hulali, huli, huoni maana ya kitu, mwambie dokta, sonona baada ya oparesheni ya moyo ni ya kawaida na ina tiba. Ukianza kuwaza bora ungekufa, hilo ni la leo leo, sio la kliniki ijayo.

Mwisho kabisa, ushuhuda. Simama ushuhudie, toa shukrani, chinja, imba, ni haki yako. Ila usitupe dawa kuonyesha imani. Mwenye valvu ya chuma akiacha warfarini damu inaweza kuganda kwenye valvu yenyewe au donge la damu likapanda kichwani akapata kiharusi, na inaweza isitoe onyo. Dawa za miti shamba na virutubisho vingine vinagongana nayo pia, kwa hiyo kabla ya kunywa chochote ulicholetewa na mtu mwenye nia njema, muulize dokta au mfamasia. Na vipimo vya INR (vya kuangalia damu yako inachukua muda gani kuganda) usiviruke, hata wiki unayojisikia mzima kabisa.